Kigoda cha Mama katika Nchi ya Mwinuko

Njia ya kwenda Mwinuko tuiache. Nyamizi Kasubi mwenyewe, kila alipoulizwa, alisema alipanda gari pale Tabora, akasinzia, akaamka yuko huko, na aliyetaka kujua zaidi ya hapo alikaribishwa chai. Linalotuhusu ni kwamba alikuwa na miaka hamsini na miwili, mkuu wa maabara ya maji, mwenye likizo ya wiki tatu na barua moja mkobani. Barua hiyo ilimwita kwenye cheo cha juu kabisa katika kazi yake, nayo ilimwahidi "mshahara mkubwa kwa mwanamke wa uzoefu wako." Majibu ya shukrani alikuwa ameshayaandika. Kilichomzuia kuyatuma hakukijua, ila kila alipoikunjua ile barua alimkumbuka mama yake, aliyefariki miaka tisa iliyopita, akatamani angekuwepo amsomee.

Mwinuko ni mji wa mlima mmoja, na mlima wenyewe umechongwa vidato mia kuzunguka ubavu wake. Kila kidato ni mtaa kamili, wenye nyumba, bomba la maji na kijiwe cha kahawa. Huko mshahara hautajwi kwa fedha. Mtu hulipwa kidato, na kidato anacholipwa ndicho anachoishi; akifanya kazi yake vizuri mwaka mzima anapanda kimoja, anabeba vyombo vyake na kuhamia juu. Kupita juu ya kidato chako ni kosa, ila wafagiaji wa ngazi huruhusiwa kufika popote, kwa sababu sheria yao imetamka wazi kwamba mfagiaji hahesabiwi kuwa amepanda. Kilichopanda ni ufagio. Nyamizi aliisoma sheria hiyo ikiwa imechongwa kwenye jiwe la lango, akaisoma tena akidhani hakuielewa, kisha akaendelea na safari yake.

Mgeni hupewa kidato cha mwenyeji wake, na mwenyeji huchaguliwa kwa kazi. Nyamizi, mtu wa maji, alipelekwa kwa Zamoyoni, fundi mkuu wa madaraja, kidato cha arobaini. Alimkuta mwanamke mrefu, mikono imechubuka kama ya mwashi, anayekaribia kutimiza miaka hamsini. Zamoyoni alimpokea kwa uji wa mtama na maneno machache, akamwonyesha dirisha. Dirishani palionekana mapaa ya vidato vya chini, moshi wa majiko, na kamba za nguo. Nyamizi akasifu mandhari, kama mgeni anavyopaswa.

"Ndiyo, panapendeza," alisema Zamoyoni. "Lakini daraja langu liko upande wa pili."

Siku ile alisema hayo tu, na ilimchukua Nyamizi siku tatu kuyapata mengine. Zamoyoni alijenga daraja la mto ulio nyuma ya mlima kwa miaka kumi na minne, nguzo kwa nguzo, tope kiunoni, akiingilia njia ya mafundi iliyopita chini ya mlima. Lilipobaki kuondolewa majukwaa ya mbao, mafundi wote walirudishwa na njia ikazibwa. Hiyo ndiyo desturi yao: wenye kulitazama jambo walitazame likiwa safi, bila kuwaona waliolijenga. Tangu hapo daraja huonekana kutoka sehemu moja tu, kidato cha arobaini na sita kwenda juu, pale ukingo wa mlima unapokoma na bonde la pili kufunguka. Zamoyoni hakuwahi kuliona limesimama peke yake.

Aliyekuwa akiliona kila asubuhi ni Bwana Chande, msaidizi wake wa zamani, aliyefundishwa naye kushika timazi. Huyu aliishi kidato cha arobaini na tisa. Hakuwa mtu mbaya. Alipokutana na Zamoyoni ofisini alimwambia, "Dada, leo asubuhi limetulia kweli kweli," akiamini anampa zawadi, na Zamoyoni alimshukuru, kisha siku nzima hakuweza kuchora mstari ulionyooka.

"Si vidato sita tu?" aliuliza Nyamizi. "Kimoja kwa mwaka. Utafika."

Zamoyoni alimtazama kama anavyotazamwa mtu asiyejua kama mvua inalowesha. Kisha akamweleza habari ya Baraza la Kima, linalopima kima cha mishahara.

Mwanamke wa Mwinuko akifika kidato cha arobaini, au akitimiza miaka hamsini, huitwa barazani ili ijulikane kama mshahara wake umekuwa mkubwa. Ukionekana ni mkubwa, hupigiwa ngoma, huvishwa shada la maua, na mshahara hufungwa. Hapandi tena maisha yake yote, kwa kuwa mtu aliyekwisha kufika hawezi kuambiwa aende. Wanaume nao huitwa, lakini wao huulizwa wenyewe, swali moja: "Bwana, umechoka kupanda?" Tangu mlima uchongwe hajatokea aliyejibu ndiyo. Bwana Chande aliulizwa huku mguu mmoja umefungwa plasta, akajibu bado.

"Na ninyi mnaulizwa nini?"

"Sisi hatuulizwi," alisema Zamoyoni. "Anaulizwa mama."

Kesho yake Nyamizi alikwenda ofisi ya Mkadiriaji Mkuu, Bwana Libondo, mtu mpole mwenye kalamu tatu mfukoni, ambaye alifurahi sana kupata mgeni wa kumweleza kazi yake. Alimwekea kiti, akamwagizia maji ya ndimu.

"Kitu hakiwi kirefu peke yake, bibie," alisema Bwana Libondo. "Lazima kisimamishwe karibu na kingine. Mwanamume tunamsimamisha karibu na aliye juu yake, tunaona bado ni mfupi, anaendelea. Mwanamke tunamsimamisha karibu na mama yake. Mama anakaa kwenye kigoda, anaulizwa kama bintiye alipo ni juu. Nani ana haki zaidi ya kusema? Sisi tunamheshimu sana mama."

"Na mama akiwa hakuwahi kulipwa chochote?"

"Hapo kazi inakuwa nyepesi," alisema Bwana Libondo kwa unyofu kabisa.

Alikiri kwamba wataalamu wamewahi kuvutana. Lilitokea shauri la tabibu mmoja ambaye mama yake alifika kidato cha thelathini na nane, na kwa kipimo hicho binti alionekana amesogea vidato viwili tu. Baraza lilikaa siku kumi na moja. Mwishowe ikaamuliwa kwamba palipo na mama wa namna hiyo atafutwe bibi. Akatafutwa bibi, aliyekuwa analipwa kwa kushukuriwa, akaletwa, akalia kwa furaha, na tabibu akapigiwa ngoma. Na kwa wale ambao mama zao wamefariki, sheria ni fupi zaidi. Kigoda huwekwa kitupu, swali huulizwa, na kigoda kisichojibu kimekubali.

Nyamizi alirudi polepole. Lililomkera ni kwamba hakuweza kucheka. Mama yake alichambua majani ya tumbaku Urambo misimu ishirini na miwili, jani kwa jani, na hakuna mnunuzi aliyewahi kubishana na mafungu yake. Fedha zilipokuja zilipokelewa na baba. Siku Nyamizi alipompelekea mshahara wake wa kwanza, mama alizishika noti kwa vidole vile vyenye rangi ya kahawia isiyotoka, akauliza, "Zote hizi zako, mwanangu?" na akacheka hadi akafuta machozi kwa ncha ya khanga. Tangu siku ile, kila alichopewa Nyamizi, kikubwa au kidogo, alikipima kwa kicheko kile, na kila mara kilionekana kingi. Hakuwahi kuitwa kwenye baraza lolote. Mshahara wake aliufunga mwenyewe, bila ngoma.

Siku ya Zamoyoni ilipangwa Alhamisi. Alichokiogopa alikisema waziwazi. "Mama yangu ananipenda, dada Nyamizi. Hapo ndipo pagumu. Akikaa mbele za watu akasema mwanawe yuko juu, mimi nitasema nini? Nimwambie mama yangu amekosea, mbele ya mji?" Mwenye shauri haruhusiwi kuzungumza na mama yake juu ya jibu, kumfundisha mama neno la kusema ni utovu wa adabu na faini yake ni vidato viwili. Mgeni hakukatazwa, kwa sababu waliotunga sheria hawakumfikiria.

Kwa hiyo Jumatano, baada ya chakula cha mchana, Nyamizi alishuka hadi kidato cha tatu. Mama yake Zamoyoni, Bibi Tatu, alikuwa na miaka themanini na mmoja. Alikuwa amekaa mkekani akifunga chelewa kuwa fagio, kazi ambayo hakuna aliyemtuma tena kuifanya, na zilizokwisha zilikuwa zimejipanga ukutani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye mgeni wa Zamo. Umeshukia ngazi ya kaskazini?"

"Ndiyo."

"Ulikanyaga jiwe linalocheza, kidato cha kumi na saba. Nimelisikia." Alivuta uzi kwa meno. "Nilifagia ngazi hizi miaka thelathini na mmoja. Mawe yake nayajua kama mtu anavyoyajua meno yake."

Walizungumza habari za mtama, na za magoti, ambayo Bibi Tatu alisema hayamsikilizi tena. Nyamizi alizunguka weee, kisha akauliza kama kesho amejiandaa.

"Nijiandae nini? Nitaulizwa, nitajibu."

"Utajibu nini, mama?"

Bibi Tatu aliweka ufagio chini. "Mwanangu, mimi sijasoma, lakini uongo mbele za watu sitausema, hata kwa ajili ya Zamo. Nitasema nilichokiona kwa macho yangu."

Nyamizi alitazama chumba kile: kitanda cha kamba, ndoo moja, dirisha la kupitisha mkono. Akafikiria nyumba ya kidato cha arobaini, yenye maji ya bomba ndani na sakafu ya mbao. Mwanamke huyu ameona nini kwa macho yake isipokuwa kwamba mwanawe yuko juu? Kumwomba aseme vinginevyo ni kumwomba auvue ukweli wake, na Nyamizi hakuwa na uso wa kuomba hivyo. Aliaga. Alipokuwa anapanda uchungu wa kumtamani mama yake ulimzidi, akakaa kidato cha ishirini hadi upungue.

Baraza hukaa kwenye Uwanja wa Pongezi, kidato cha arobaini, saa tatu asubuhi. Wajumbe ni saba, wanaume, pamoja na mwanamke mmoja ambaye kazi yake ni kupiga vigelegele uamuzi ukitoka. Ngoma zilikuwa zimekwisha kuwambwa. Watu walijaa, kwa kuwa baada ya uamuzi hugawiwa pilau.

Shauri la kwanza lilikuwa la mpishi mkuu wa hospitali, mwanamke mnene mwenye sauti ya chini, ambaye mama yake alifariki zamani. Kigoda kikawekwa. Bwana Libondo akakiinamia kwa heshima, akauliza, "Mama, binti yako alipo ni juu?" Akasubiri muda wa kumeza mate mara tatu. Kisha akaandika. Vigelegele, ngoma, shada. Mpishi alitabasamu kwa kuwa watu wote walikuwa wanamtazama, lakini Nyamizi alimwona akinyoosha mkono na kukigusa kile kigoda kabla hakijaondolewa, kama mtu anayeangalia kama pamebaki joto.

Ndipo akaletwa Bibi Tatu. Alikuwa amevaa khanga mpya, na Bwana Chande, kwa wema wake, alimshika mkono hadi kwenye kigoda. Zamoyoni alisimama upande wa pili, mikono nyuma.

"Bibi Tatu," alisema Bwana Libondo. "Mshahara wako wewe ulikoma kidato cha tatu. Binti yako amefika cha arobaini. Je, alipo ni juu?"

Bibi Tatu aliangaza macho uwanjani, akitazama chini, jiwe kwa jiwe. Kisha akataka asaidiwe kusimama. Akina mama huwa hawasimami, kwa hiyo ilichukua muda.

"Hapa napajua," alisema. "Jiwe la nne kutoka bombani lilikuwa na ufa. Naona wameliziba kwa chokaa. Siku moja ya mvua mtu ataanguka."

"Swali, bibi, ni kama hapa ni juu."

"Naelewa swali, bwana. Nakujibu. Nilikuwa naanza kufagia alfajiri kutoka chini. Nikifika hapa, arobaini, nilikuwa nasimama nakunywa maji, nafunga kiuno upya, maana kazi ndiyo kwanza inaanza. Nilifagia arobaini na sita, nilifagia sabini, nilifagia mia. Huko ndiko juu. Hapa ni pa kunywea maji."

Mwenye vigelegele, aliyekwisha kufungua mdomo, aliufunga.

"Bibi," alisema Bwana Libondo kwa upole, "sheria iko wazi. Mfagiaji hahesabiwi kuwa amepanda."

"Nimesikia. Sikupanda. Basi yaarifu na magoti yangu."

Mtu mmoja alicheka nyuma, kisha wengine. Wajumbe waliinamisha vichwa pamoja. Mmoja alisema mama amekosa adabu kwa baraza. Mwingine akasema mama hawezi kukosa adabu, ndiyo msingi wa sheria nzima. Wa tatu akapendekeza atafutwe bibi yake Zamoyoni, akakumbushwa kwamba bibi hutafutwa tu pale mama anapokuwa amelipwa sana, na huyu alilipwa vidato vitatu. Lakini kilichowashinda hasa ni fomu. Fomu za Baraza zilikuwa zimechapishwa neno "ndiyo" tayari, mama akibakiwa na kazi ya kutia dole gumba. Hapakuwa na mahali pa kuandika jibu lingine. Saa sita, pilau likinukia, Bwana Libondo alitangaza kwamba shauri limeahirishwa hadi fomu mpya zitakapochapishwa, na kwamba kwa sasa mshahara wa Zamoyoni haujaongezwa, wala haujafungwa. Ataendelea kama zamani, kimoja kwa mwaka.

Waliteremka watu watatu, Bibi Tatu katikati, taratibu, jiwe kwa jiwe. Zamoyoni alikuwa analia bila kuficha. Bibi Tatu hakumnyamazisha.

"Mbona hukuwahi kuniambia, mama, kwamba ulifika kule?"

"Hukuuliza. Na nilikuwa nafagia, mwanangu, sikuwa natembea." Alipumzika kidogo akishika ukuta. "Sasa sikiliza. Ukifika arobaini na sita utaona ukuta mfupi. Simama kushoto kwake asubuhi, jua litakuwa mgongoni. Mto utauona umejikunja mara mbili. Mimi niliuona kabla hujazaliwa, hakukuwa na kitu pale, maji tu na matete. Daraja nadhani umeliweka palipobanana, baada ya kona ya pili."

"Hapo hapo, mama."

"Nilijua. Ningekuwa mimi ningeliweka hapo hapo."

"Twende tukalione wote."

"Utanisimulia," alisema Bibi Tatu.

Miaka sita. Hakuna aliyeitaja, lakini Nyamizi aliona kila mmoja anaihesabu kimya kimya, na aliona pia kwamba Zamoyoni, kwa mara ya kwanza, ameacha kulitamani daraja. Alichokitamani sasa ni miaka.

Nyamizi alirudi Tabora siku mbili kabla likizo haijaisha. Njia ya kurudi nayo tuiache. Nyumbani alipika chai, akaitoa ile barua mkobani pamoja na majibu ya shukrani aliyoyaandika, akaviweka mezani. Kisha aliingia stoo, akahamisha magunia na baiskeli mbovu, akatoa kigoda cha mama yake, kile alichokuwa akikalia msimu mzima kuchambulia tumbaku. Alikipangusa vumbi, akakiweka upande wa pili wa meza.

Alisoma barua kwa sauti, yote, tangu tarehe hadi sahihi. Alisoma pole pole ile sehemu ya mshahara mkubwa kwa mwanamke wa uzoefu wake. Alimaliza, akainua macho.

"Mama," alisema, "ni juu?"

Nje mtu alikuwa anapita akiuza mkaa. Nyamizi alisubiri. Alisubiri hadi chai ikapoa, akiwazia vidole vile vya kahawia, vilivyojua bila kukosea jani lipi ni la fungu lipi, na ambavyo yeye, mtu wa vipimo, hakuwahi hata siku moja kuviuliza vinaonaje. Angeulizwa angesema nini? Hakujua. Hatajua kamwe, na hilo lilimuuma kuliko alivyotarajia.

Aliyachana majibu ya shukrani, akachukua karatasi nyingine, akaandika swali moja: mkubwa kuliko wa nani? Alitia sahihi. Kigoda kilikuwa kimya vilevile, na safari hii hakuuhesabu ukimya wake kuwa ndiyo.